Mbuzi Wawili wa Mama

Siku ya kumaliza matanga ya baba, uani kwetu walikuwepo baba mkubwa, kaka wa marehemu; shangazi, dada yao, aliyeshika wembe; mjomba, kaka wa mama, aliyevuka mto asubuhi kutoka Alunguli; katekista wa mtaa wetu; mama jirani mwenye kinu; mdogo wangu wa kike; mdogo wetu wa mwisho, wa kiume; na mimi. Mama hakuwepo kwa sababu alikuwa ametangulia, katika vita ya kwanza, kwa homa tu, homa ambayo wakati mwingine wowote ingepona. Na kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuja, lakini sote tulijua anangojea habari: mfanyabiashara aliyenunua mawe ya machimbo ya Pangi. Yeye ndiye aliyetoa mbao za sanduku la baba, akakataa kulipwa. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilielewa zile mbao zilikuwa zinataka nini.

Baba alikuwa mtu wa reli. Wakati wa Chama, kabla vyama havijawa vingi, mtoto wa mtu wa reli alisoma, awe wa kiume awe wa kike, na baba aliamini jambo hilo kama wengine wanavyoamini sala. Mimi nilianza shule mwishoni mwa wakati ule. Nakumbuka tukipangwa kwenye kituo cha treni, wasichana wadogo, tumevaa vikwembe, vitenge vyenye uso wa Rais, tunawachezea ngoma wageni waliochelewa hadi jua lilipotuchoma vichwa. Aliyetupanga alikuwa baba mkubwa. Alikuwa kiongozi wa Chama mtaani kwetu, na koti lake la kola ndogo hakulivua hata kwenye joto la mchana. Alikuwa anapita mbele yetu akisema, "Chekeni, wasichana! Mwanamuke njo nguzo ya taifa!" Tulicheka. Tulikuwa na kiu.

Halafu Chama kikaisha. Kwetu hakikuisha kwa kelele. Mshahara wa reli ulichelewa mwezi, ukachelewa mwingine, mwisho watu wakaacha kuuliza. Walimu nao wakaacha kulipwa, wazazi wakaanza kuwalipa wenyewe, na katika nyumba nyingi mzazi alipotazama watoto wake akijiuliza amlipie nani, hakuwatazama wasichana. Baba alinilipia. Alikuwa anakarabati baiskeli za wachuuzi chini ya kibanda cha reli na kulipa ada yangu kwa mchele. Baba mkubwa alimcheka. Alikuwa amekunja koti lake akaliweka sandukuni, na baada ya misimu michache akawa mzee wa ukoo, mwenye fimbo. "Mambo ya Chama yamekufa," alikuwa anasema. "Sasa tunarudi kwa desturi yetu." Niliona kwamba katika desturi zote alizorudia, hakuna hata moja iliyomgharimu yeye kitu.

Vita ya pili ilipofika, waasi walishika mji, na wapiganaji wa msituni wakauzunguka. Aliyetoka kwenda shambani alitoka kwa bahati yake. Treni haikuja tena. Baba alikufa katika miezi ile, tumbo limevimba, bado anauliza kama nimekwenda shule. Nilikuwa nimeacha. Nilimjibu kwamba nimekwenda.

Basi siku ile ya kumaliza matanga nilikaa kwenye kigoda, maji kwenye bakuli, shangazi akaanza kuninyoa. Kwetu yatima wananyolewa na shangazi, upande wa baba, na wakishanyolewa wazee wanasema kila mmoja atakwenda wapi. Baba mkubwa hakungoja nimalizwe. Alisimama akasema mtoto wa kiume atakwenda kwake, kwa sababu ndiye jina la marehemu. Mdogo wangu wa kike atakwenda kwa shangazi, amsaidie jikoni. Na mimi, alisema bila kunitazama, "Huyu amekomaa. Kuna muntu mwema amemuomba, muntu mwenye kutusaidia katika kilio."

Mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka sita. Alinishika kikwembe. Niliona mkono wake mdogo na sikuona kingine. Nilikuwa nimemwahidi mama kitu kimoja tu, kwamba watatu tutakula kwenye sahani moja, na sikuwa na njia yoyote ya kulitetea neno hilo. Msichana hasemi katika kikao kama kile. Wembe ulikuwa umefika katikati ya kichwa.

Kisha baba mkubwa akauliza lile swali linaloulizwa kila matanga yanapomalizika. Ni swali la heshima. Linaulizwa ili marehemu alale mwepesi, na kwa kawaida watu wananyamaza, au mtu anataja deni dogo ili alisamehe mbele ya wote, asifiwe.

"Kama kuna muntu anamudai marehemu," alisema, "aseme leo, ao anyamaze kwa siku zote."

Mjomba alikuwa amekaa karibu na ukuta tangu asubuhi. Alikuwa mtu mwembamba, mvuvi, anayenuka samaki wa moshi, na upande wa baba walimdharau kidogo. Akasimama.

"Miye namudai."

"Unamudai nini, shemeji?"

"Mbuzi mbili."

Baba mkubwa alicheka. "Mbuzi gani?"

"Mbuzi za dada yangu. Mulikuja kwetu kumuoa, mukaleta mbuzi ine, mukasema mbili zinabaki. Marehemu alisema mushahara wa reli ukitoka ataleta. Mushahara haukutoka. Mbuzi hazikukuja."

"Hayo njo mambo ya zamani sana."

"Si weye unasema kila siku tunarudi kwa zamani?"

Mama jirani alikohoa kuficha kicheko. Mjomba hakucheka. Alisema taratibu, kama mtu anayeeleza njia, kwamba katika ukoo wa mama, mahari yasipomalizika mwanamke ameazimwa tu, na watoto wake wanahesabika kwa mjomba wao. Kwa hiyo hapa hakuna mtoto wa kugawa. Wote watatu ni wake.

Baba mkubwa alimgeukia katekista. "Mwalimu, sema kitu. Walifunga ndoa kanisani."

Katekista alikuwa mzee mchovu aliyekuwa amezika watu wengi mwezi ule. "Kanisa halihesabu mbuzi," alisema. "Lakini weye mwenyewe umeuliza, muzee. Umeuliza mbele ya watu, na muntu amejibu."

"Basi nitalipa!"

"Lipa," mjomba alisema. "Leo?"

"Leo nitatoa wapi mbuzi? Askari wamekula mbuzi yote ya muji!"

"Hata miye niliona," mjomba alisema, akakaa.

Shangazi alikuwa bado ameshika wembe juu ya kichwa changu, nusu kimenyolewa, nusu nywele. Akauliza, kwa hasira ya mtu aliyekatizwa kazi, "Na hii kichwa? Nimalize ao niache? Niambieni iko ya nani!"

"Lete," mjomba alisema. Akachukua wembe mkononi mwa shangazi, akamaliza yeye mwenyewe. Mkono wake ulizoea nyavu, haukuzoea vichwa. Alinikata nyuma ya sikio, na kovu lile nalo mpaka leo. Alipomaliza alisema, "Watoto wangu watakaa hapahapa. Muntu asiwatawanye." Akala ugali pamoja na wengine, akanawa, akashuka mtoni. Hakutuachia kitu, hata kikombe cha mchele. Kwake pia hakukuwa na kitu.

Nataka kusema ukweli kuhusu yale yaliyofuata, kwa sababu watu wakisikia habari hii wanadhani ilikuwa ushindi. Nilirudi ndani na watoto wawili na chungu kitupu. Kesho yake nilikwenda kwa mama jirani kuomba kinu. Wanawake waliothubutu kutoka mjini walirudi na mpunga kidogo, na mimi niliwatwangia. Anayetwanga analipwa chenga, zile punje zilizovunjika, na pumba kama ana kuku. Sikuwa na kuku. Pumba tulizila pia. Nilijifunza kutwanga vibaya kidogo, si sana, ili chenga ziwe nyingi. Mama jirani alijua. Alikuwa anapita na kusema, "Leo muchi wako una hasira, binti," kisha anaendelea na safari yake.

Mdogo wangu wa kike nilimrudisha shule mara milango ilipofunguliwa. Aliniuliza mbona mimi sirudi. Nikamwambia nitarudi mwakani. Tulilisema neno hilo, mwakani, kwa miaka mingi, halafu siku moja hakuna aliyelisema tena.

Baba mkubwa alitafuta mbuzi. Alitafuta kweli, kwa maana mfanyabiashara alikuwa anamsumbua. Siku moja alitoka mjini kwa barabara ya Pangi akiwa amevaa lile koti la Chama, akidhani litawatisha watu, akarudi jioni bila koti na bila viatu. Siku nyingine alivuka hadi Alunguli, akatutaka sisi watatu tumfuate tuone jinsi deni linavyolipwa. Alikuwa na mabata mawili miguu imefungwa, na baiskeli isiyo na magurudumu begani.

Mjomba alikuwa anashona wavu. Alitazama mabata, akatazama baiskeli.

"Hii njo nini?"

"Njo mali. Bei yake inapita mbuzi mbili."

"Hii baiskeli itazaa, shemeji?"

"Usinichezee!"

"Sikuchezei. Mbuzi tulikubaliana itazaa. Nionyeshe hii itazaa kwa wapi."

Mdogo wangu wa kiume alicheka hadi akajikunja, na baba mkubwa akampiga kofi. Tulirudi katika mtumbwi uleule, sote wanne, pamoja na mabata na baiskeli. Katikati ya mto baba mkubwa aliniambia, kwa sauti ya chini, karibu ya upole, "Unafikiri umepona? Muntu asiye na wazee atazeeka mu nyumba ya baba yake." Hakukosea sana. Nimezeeka katika nyumba ya baba yangu.

Mfanyabiashara hakungoja. Alioa msichana niliyekuwa nakaa naye dawati moja, aliyekuwa ananipita kwa hesabu. Baba yake alikuwa mtu mwaminifu, alikuwa amelipa mbuzi wote wa mkewe hadi wa mwisho. Hapakuwa na mtu wa kusimama kando ya ukuta na kusema, namdai. Nilimwona siku aliyopelekwa, amepakwa mafuta, amefungwa vikwembe viwili vipya. Alinitazama nikiwa na mchi mkononi. Mpaka leo sijui ni nani kati yetu aliyemwonea mwenzake huruma. Miaka mingi baadaye, amani imerudi, nilikutana naye soko kuu akiuza mafuta ya mawese, meno mawili hayapo. Tulisalimiana. Alinijazia chupa mpaka shingoni.

Mdogo wangu wa kike alipovunja ungo, nilikuwa natwanga. Alikuja akasimama karibu na kinu, miguu imebanana, na kwa uso wake nikajua. Mimi sikuwa nimefundishwa na mtu. Mama alikuwa amekwisha kufa, na nilidhani nimepatwa na ugonjwa wa tumbo. Yeye nilimfundisha kila kitu papo hapo, mchi umelala chini. Kwetu habari hiyo inapelekwa kwa shangazi, naye anakuja kumweka msichana ndani siku kadhaa, anamfunda, anamlisha vizuri, wanawake wanaimba. Ni jambo zuri. Lakini nyimbo zile zinasikika hadi barabarani, na kila mwanamume anayepita anajua katika nyumba hii kuna nini. Nikamwambia hatutaimba. Vitambaa vyake nilivianika ndani, nyuma ya magunia ya pumba, na shangazi alipouliza nilisema bado, mtoto ni mdogo, njaa ya vita imemchelewesha. Nilisema bado mwaka ule, na mwaka uliofuata. Mdogo wangu alikwenda shule akiwa mtoto kwa neno langu. Aliwahi kunilaumu kwamba nilimnyima nyimbo zake. Ana haki.

Sasa ni muuguzi katika kituo cha afya. Mdogo wetu wa kiume ana pikipiki, anabeba abiria na mizigo hadi Kibombo na mbele zaidi. Nyumba ni ileile, mabati mapya upande mmoja. Mimi sitwangi tena, siku hizi kuna mashine ya kukoboa, na mimi ndiye ninayekaa mlangoni pake kupima mchele wa watu. Mabega yangu yanauma mvua ikikaribia.

Mwaka huu mtu ameleta neno kwa mdogo wangu wa kike. Ni mwalimu, mpole, ana kigugumizi kidogo. Wazee wake wanataka kujua watakaa na nani kuzungumza mahari. Habari ilimfikia baba mkubwa kabla ya jioni. Yu hai bado, anatembea na fimbo ileile, na alituma mtu kusema anangojea wageni kwake.

Siku chache baadaye mdogo wangu wa kiume alirudi kutoka Tunda na mbuzi wawili, wamefungwa nyuma ya pikipiki, wamejaa vumbi jekundu. Aliwafungua uani, pale pale tuliponyolewa.

"Yaya, tulipe mbuzi za mama," alisema; kwetu yaya ni dada mkubwa. "Sisi sasa tuko watu wakubwa. Kila kilio ninayokwenda, wananiambia miye niko mutoto wa mukopo. Baba alikuwa muntu mwema. Acha amalize kuoa mama."

Alisema vizuri, na machozi yalikuwa karibu. Nilimwelewa. Lakini nilijua mbuzi hao wakivuka mto, sisi tunakuwa watoto wa upande wa baba, na atakayekaa kwenye kiti wageni wakija ni baba mkubwa. Yeye ndiye atakayepokea. Yeye ndiye atakayekimbiliwa mdogo wangu akipigwa, akifiwa, na yeye ndiye atakayesema arudi ama abaki. Nikamgeukia mdogo wangu wa kike, ambaye alikuwa anawapa mbuzi maji, nikamuuliza kile ambacho mimi sikuulizwa.

"Weye unataka nani akae kwenye kiti?"

"Weye, yaya."

Tulicheka sote watatu. Mwanamke hakai pale. Kisha akaacha kucheka. "Kama si weye, basi mujomba. Hasikii tena. Kila neno atakuuliza weye, 'Wanasema nini?' Utamuambia unachotaka."

Mdogo wangu wa kiume alikasirika. Alisema mbuzi wamekwisha kununuliwa, na mtu hawezi kukaa na deni akiwa na mbuzi uani. Hapo alikuwa na haki, na sikutaka kumzuia kwa nguvu, nimemlea, simtawali. Jumapili tulivuka, mimi na yeye na mbuzi.

Mjomba alikuwa kwenye kizingiti chake. Macho yake yamefunikwa na ukungu, nyavu anashona kwa vidole tu. Nilimwinamia sikioni, nikampigia kelele kwamba tumeleta mbuzi za mama. Akaomba waletwe. Aliwapapasa mmoja baada ya mwingine, masikio, mgongo, akawafungua midomo akagusa meno, akawashika kiwele. Mwenye kudai ana ruhusa hiyo: mnyama asiyefaa anaweza kumrudisha, na hakuna atakayemlaumu.

"Nani ametaka kulipa?" aliuliza.

"Mudogo wangu."

"Na yule wa kike, wanamuoa lini?"

"Kisha mvua kuisha."

Alitikisa kichwa. "Hizi mbuzi ziko ndogo," alisema. "Rudisheni. Ziende zikomae."

"Mujomba, ziko kubwa!" mdogo wangu alilia. "Moja iko na mimba!"

"Anasema nini?" mjomba aliniuliza.

"Anasema aksanti," nikasema.

Sijui kama mjomba alitupenda, au alipenda tu kudai. Pengine anawaza mahari yatakayopita mikononi mwake. Katika miaka yote hii hakuwahi kutuuliza tunakula nini. Lakini mara mbili ametamka neno moja mahali panapostahili, na mimi nimejenga nyumba juu yake.

Tulivuka tena na mbuzi wetu. Mdogo wangu alinipa mgongo hadi ng'ambo. Mtu wa mtumbwi alitutoza nauli ya mbuzi mara ya pili, nikalipa.

Ninawakatia majani kila asubuhi kabla ya kwenda mashineni. Mmoja amekwisha kuzaa. Jana baba mkubwa alipita njiani, akasimama kwenye uzio, akaegemea fimbo. Aliwatazama mbuzi kwa muda, mama na mtoto, na yule mwingine. Naye amechoka. Nilimletea kigoda, akakataa.

"Zimekomaa?" aliuliza.

"Bado, baba mukubwa," nikasema. "Bado."